Mathe Aliona Githeri, Akadhani ni Balaa

Wasee, kabla hamjamcheka mamangu kwa hii stori, ngojeni kwanza ifike katikati.

Jumapili moja, Aprili 2025, mathe alitoka kanisani akiwa na uso wa msiba. Hakuvua hata viatu. Akaniita kwa jina langu lote, lile la kwenye kitambulisho, na nikajua leo kuna kitu. Mkono mmoja ulikuwa na simu yake, mwingine ulikuwa na simu ya mdogo wangu, ambaye yuko kidato cha pili. Akanisogezea ile ya mdogo wangu machoni. Ni ujumbe mmoja tu, aliomtumia rafiki yake Ijumaa saa saba kasoro mchana:

🌽🫘😭

"Hii ni nini?"

"Githeri," nikasema.

"Usinichezee."

"Mama, ni githeri. Mahindi na maharagwe. Analia kwa sababu ni githeri tena."

Hakucheka. Akafungua simu yake akanionyesha kitu kilichotumwa kwenye grupu lao la akina mama, kile cha mishale miwili juu, maana yake kimezunguka Kenya nzima kabla ya kufika kwetu. Ilikuwa orodha. Juu imeandikwa wazazi amkeni, chini emoji thelathini hivi, kila moja na maana yake ya siri. Mahindi: video chafu. Haragwe: vijana wanaochukia wanawake. Kwa hiyo kwa hesabu ya mathe, mtoto wake wa mwisho alikuwa ameingia kwenye uchafu na chuki kwa ujumbe mmoja, saa ya lunch, akilia.

Sasa kitu cha ajabu ni kwamba orodha haikuwa ya uongo kabisa. Mahindi kweli yalitumiwa hivyo TikTok. Neno la Kiingereza la mahindi linafanana mwisho na lile la video chafu, na watu wakiogopa posti zao kufutwa waliweka 🌽 badala ya kuandika neno lenyewe. Nalo haragwe lilipata umaarufu kwa wazazi baada ya Adolescence, mchezo wa Uingereza wa vipindi 4 uliotoka Netflix Machi 2025. Kama hukuuona: mvulana wa miaka 13 anakamatwa kwa kumuua msichana wa shuleni kwao. Mpelelezi anaangalia komenti za yule msichana kwenye Instagram ya mvulana, anaona kama urafiki. Ni mwanawe mwenyewe, anayesoma shule hiyo hiyo, anayemkalisha na kumweleza kwamba zile emoji zilikuwa dharau.

Mimi kile kipande kiliniuma. Mtoto anamwonea babake huruma kwa kutojua kusoma. Lakini dunia ilipomaliza kuangalia ilichukua nini? Haikuchukua yale mazungumzo ya mtoto na mzazi. Ilichukua orodha.

Simu ya mdogo wangu ikawekwa kabatini wiki mbili. Na yeye, kitu ambacho kilifaa kutushtua hapo hapo, hakulalamika hata kidogo. Kijana wa miaka 15 ananyang'anywa simu, anasema sawa, anaenda kulala.

Kwa sababu mimi ndiye mtu wa intaneti kwenye hii nyumba, mathe aliniambia nimkagulie simu nzima. Sikupenda, lakini nilikagua. Picha chafu hamna. Chuki hamna. Nikaingia grupu la darasa lao, zaidi ya watu arobaini, na nikaanza kupandisha juu. Mdogo wangu ameuliza hesabu ni ukurasa gani. Chini yake, watu watatu: 🧼🚿. Ameuliza kesho watavaa nguo za michezo au la. 🧼🚿. Amempongeza mtu siku yake ya kuzaliwa. 🧼🚿😂. Kufikia mwezi wa tatu hawaweki hata bafu tena, ni 🧼 peke yake, na siku moja mtu ambaye hakuwa kwenye ile timu ya kwanza akaweka 🫧, mapovu tu, na kila mtu akacheka. Kutoka hapo mdogo wangu hakuandika kitu tena. Ilikuwa wiki sita jumla.

Nilimwuliza ilianzia wapi. Akaniambia Februari, ile wiki mtaa wetu ulikosa maji. Walikuwa wametoka uwanjani, mtu akasema ananuka. Basi.

Sabuni haikuwa kwenye orodha ya mathe.

Kutoka siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya hivi vitu kama mtu mwenye deni, na nataka niwape nilichopata, kwa sababu nadhani watu wazima wanatafuta mahali pasipofaa na sisi pia tunajidanganya kwamba tumevumbua kitu kipya.

Nianze na nyanya yangu, upande wa baba, wa Majengo, Mombasa. Ana sanduku la leso ambalo wajukuu hatuguswi nalo. Leso, kwa wale wa bara mnaoijua kama kitu cha kubebea mtoto, ina pindo, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno ya chini. Maneno hayakuwepo tangu mwanzo. Anayepewa sifa ya kuyaweka ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye wengi walimjua kama Abdulla. Duka lake lilianza 1887, na mpaka leo utaona leso zimeandikwa Mali ya Abdulla. Mwanzoni mwa karne ya 20 leso zikaanza kubeba misemo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Hapo ndipo wanawake wa Pwani walipopata kibodi.

Nyanya aliwahi kukosana na jirani waliyekuwa wakishiriki naye uwanja. Hakumtukana. Hakumsalimia vibaya. Alivaa leso fulani, akafagia uwanja mbele ya mlango wa yule jirani asubuhi tatu mfululizo, na ile sehemu ya maneno ameielekeza nyuma ili isomeke akiinama. Jirani alisoma. Mtaa mzima ulisoma. Alipokwenda kushtaki kwa mzee wa mtaa, nyanya alijibu kwamba yeye amevaa leso tu, na kwani leso hiyo imeuzwa moja? Wanawake mia Mombasa wanayo. Nilipomwuliza maneno yalikuwa yapi, alikataa kuniambia, na mwenyewe yule jirani alishafariki. Ila aliniambia jambo ambalo nimelibeba: leso haina ubaya dukani, ubaya wake unaanza ukijua ni mlango wa nani umefagiwa.

Soma hiyo tena, halafu ufikirie sabuni.

Kabla mathe hajajiona mgeni kwenye haya mambo, naye nilimkumbusha miaka yake. Simu zilipoanza kuenea hapa Kenya, kupiga kulikuwa ghali, kwa hivyo watu walikuwa wanaflash. Yeye na baba walikuwa na lugha kamili ya kuflash. Mara moja: nimefika. Mara mbili haraka: lete maziwa. Mara moja halafu kimya kidogo halafu mara moja: nipigie, ni muhimu. Hakuna karatasi iliyoandikwa hayo. Mtu mwingine akiokota simu ya baba angeona namba ya mathe imekosa kupokelewa mara mbili, na hangejua kuna maziwa ndani yake. Mathe alipokumbuka alitabasamu, lakini akasema hiyo ilikuwa tofauti. Wazee wote husema hiyo ilikuwa tofauti. Binamu zangu wa enzi ya kuandika "xaxa" Facebook nao husema ilikuwa tofauti.

Emoji zenyewe ni za Japani, hilo wengi mnajua. Kile hatuambiwi sana ni kwamba kabla ya emoji kulikuwa na wasichana wa shule na peja. Miaka ya 1990 vijana Japani walikuwa na vipeja ambavyo mwanzoni vilionyesha namba tu. Vilitengenezwa ili mtu wa ofisi aone namba ya kupiga. Wasichana wakaona vingine: kila tarakimu kwa Kijapani inaweza kusomwa kwa sauti zaidi ya moja, kwa hivyo ukipanga namba unapata maneno. 0840 ikawa ohayoo, habari ya asubuhi. 14106 ikawa nakupenda. 3341, nahisi upweke. Na 4649 ikawa yoroshiku, lile neno lao la adabu ambalo ni kama kusema tuwe pamoja vizuri. Angalia hiyo ya mwisho kwa makini. 4 ya kwanza inasomwa yo, 4 ya pili inasomwa shi. Alama ni ile ile, ndani ya neno lile lile, na sauti mbili. Kinachokuambia uisome vipi ni jirani zake.

Sasa ungempa baba wa Kijapani orodha kwamba 4 maana yake ni yo. Angefika wapi?

Kampuni ya NTT DoCoMo ilikuwa na peja yenye alama ya moyo. Ilipotoa nyingine iliyolenga watu wa biashara, moyo ukaachwa, na vijana wakakasirika, wengine wakahamia kwa washindani. Shigetaka Kurita, aliyekuwa akifanya kazi DoCoMo, amesimulia hilo kama somo lake. Mwaka 1999 kampuni ilipoanzisha intaneti ya simu, yeye alichora picha 176, kila moja kwenye kisanduku cha doti 12 kwa 12. Hazikuwa za kwanza kabisa, maana mwaka 1997 kulikuwa na simu ya kampuni nyingine Japani yenye picha 90, lakini hiyo haikuuza sana. Za Kurita ndizo zilizoshika, na mwaka 2016 zikachukuliwa na jumba la sanaa la MoMA, New York. Neno lenyewe, kwa wale mnaobishana kwenye komenti, halihusiani na hisia. E ni picha, moji ni herufi. Ni Kijapani mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 2010 Unicode, shirika linalohakikisha herufi zinafanana kwenye kila kifaa duniani, likaziingiza emoji kwa wingi kwenye orodha yake. Ndiyo, nao wana orodha. Lakini ya kwao ina namba na jina tu. Inasema hii ni sabuni. Haisemi ukimtumia nani.

Na kupanga emoji si mchezo wa vijana peke yao, hata mashine inazipanga. Mkulima mwanamke 👩🏾‍🌾 unayemwona kama picha moja ni mwanamke, rangi ya ngozi, kiunganishi kisichoonekana, na shuke, vimeshikana. Bendera yetu 🇰🇪 ni herufi K na herufi E zimekaa pamoja. Fungua ukurasa kwenye kompyuta nyingi za Windows utaona KE tu, bila rangi. Rangi za ngozi zenyewe zilikuja 2015. Kwa hivyo ile ngumi ✊🏾 iliyojaa kwenye simu zetu Juni 2024, wakati wa kupinga Mswada wa Fedha, miaka kumi nyuma isingekuwa na rangi hiyo. Siku zile kwenye grupu letu tulikuwa tunaweka 🌳⬇️ tu na kila mtu ameelewa, kwa sababu Rais alishabandikwa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mti. Mgeni angesema tunapinga ukataji wa miti. Fisi naye hatuna mpaka leo, taifa zima la Team Mafisi tunaazima mbwa mwitu. Na yule jamaa wa githeri wa uchaguzi wa Agosti 2017 alivuma wakati hakuna hata emoji ya maharagwe. Ile ilikuja 2021. Tulikuwa na mahindi peke yake, githeri nusu.

Lakini mahali hii kitu ilikuwa ya kufa na kupona ni Uchina. Mwaka 2018 wanawake huko walianza kusema hadharani kuhusu kunyanyaswa kimapenzi vyuoni na kazini, na maneno ya harakati ile ya #MeToo yakawa yanafutwa mtandaoni. Wakaandika 🍚🐰. Mchele kwa Kichina ni mi, sungura ni tu. Mi tu. Bakuli la wali na sungura, nani atakufutia? Waliendelea hivyo mpaka wakaguzi nao wakajifunza. Machi 2020, jarida moja la huko liitwalo Renwu lilichapisha mahojiano na daktari Ai Fen wa Wuhan, kuhusu alivyotoa tahadhari mapema juu ya ule ugonjwa na kukaripiwa kazini. Makala yakaondolewa kwa saa chache. Watu wakayarudisha kwa kila njia: wengine kwa mandishi ya kale, wengine kwa nukta na vistari vya simu za upepo, na wengine wakayaandika upya yakiwa na emoji katikati ya sentensi ili kompyuta isishike maneno. Binadamu alisoma. Mashine ya kufuta, iliyokuwa na orodha yake, ilichelewa.

Ujanja wa sungura ni mzee kuliko Japani na Uchina za leo. Mfalme Narmer wa Misri, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, jina lake limechongwa kwenye jiwe kwa picha mbili: kambare na patasi. Kambare, nar. Patasi, mer. Mtu asiyejua angedhani ni fundi ameenda kuvua.

Kwa hivyo sikubaliani na wale wanaosema vijana wameua lugha, na sikubaliani pia na wenzangu wanaosema ni emoji tu, tulieni. Chombo kile kile kilichomwezesha msichana wa Beijing kusema amenyanyaswa ndicho kilichowawezesha watoto watatu wa darasa moja Nairobi kumzima mdogo wangu bila kuandika tusi hata moja. Nguvu yake yote iko kwenye lile jibu la nyanya: mimi nimevaa leso tu.

Na hilo ndilo jibu tulilopata shuleni. Mathe na mimi tulienda Jumatatu iliyofuata. Mwalimu wa darasa alitupokea vizuri, akaangalia skrinshoti, akaangalia tena, akauliza kwa upole, tusi liko wapi hapa? Hakuwa mkatili. Aliona sabuni. Tulirudi nyumbani mathe akiwa amenyamaza kwenye matatu njia nzima.

Kilichotusaidia ni kesi ya mkulima wa Kanada. Msicheke. Mwaka 2021, jimbo la Saskatchewan, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Bei ikapanda, mbegu hazikuletwa, wakaenda kortini. Mkulima akasema kidole kile kilimaanisha nimeuona ujumbe, si nimekubali. Juni 2023 jaji akaamua kwamba amekubali, na akamtaka alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Lakini angalia alivyofika hapo. Aliangalia kidogo kamusi, halafu akaangalia historia ya hao wawili: mara zilizopita mnunuzi alipotuma mkataba, mkulima alijibu kwa neno fupi kama sawa au iko poa, na mzigo ukaletwa. Kidole kilikuwa kimekaa mahali pale pale ambapo sawa hukaa. Ndiyo maana kilisomwa kama sawa.

Basi jioni ile nilikaa na daftari. Sikuandika maana ya sabuni. Niliandika tarehe, saa, mdogo wangu alisema nini, nani aliweka 🧼, baada ya dakika ngapi. Halafu nikaandika upande wa pili kila mara mtu mwingine yeyote wa grupu aliuliza swali kama lake, na alijibiwa nini. Wengine walipewa ukurasa wa hesabu. Yeye alipewa sabuni. Kurasa mbili nzima. Kwa wiki sita, sabuni haikuwahi kumfuata mtu mwingine hata mara moja.

Mwalimu alisoma zile kurasa akiwa amesimama, halafu akakaa. Hakuuliza tena tusi liko wapi. Waliitwa wazazi wa wale watatu, na mmoja wa akina baba alianza kusema kwamba hii ni sabuni tu jamani, tumekuja hapa kwa sababu ya sabuni, mpaka alipogeuka akamwona mwanawe ameinamisha kichwa na hakuinua tena. Hapo naye akanyamaza. Aliyeanzisha aliomba msamaha, wa pili aliomba kwa sauti ya kulazimishwa, wa tatu sijui. Yule wa mapovu hakuitwa, na mdogo wangu anasema huyo ndiye aliyemuumiza zaidi, kwa sababu walikuwa wanakaa dawati moja.

Simu ilitoka kabatini. Kwa siku kadhaa aliiacha mezani imelala kifudifudi. Mathe hakufuta ile orodha, bado anayo, lakini siku hizi akiona kitu hamwulizi maana yake ni nini. Anamwuliza ni nani amekutumia, na mlikuwa mnaongea nini kabla.

Ijumaa iliyopita nikiwa kazini, simu ikalia. Grupu la familia, mathe, saa kumi na mbili kasoro jioni:

🌽🫘

Mdogo wangu akajibu kwa sekunde tatu:

😭😭😭